Sakafu ya Nyumba ya Mkulima: Pesa Zianzie Chini



Mahindi yakishapukuchuliwa na gunia za kwanza zikishapita kwenye mzani, kila nyumba hapa Mjimwema huwa na mazungumzo yake ya ujenzi. Huyu ataka kuongeza chumba, yule ataka kubadili bati zilizotoboka, na wengine wataka sakafu. Leo tuzungumze na hao wa sakafu. Kila mwaka pesa za mahindi humwagwa chini, na nikisema kumwagwa nina maana ya kumwagwa hasa, kisha baada ya misimu miwili ya mvua sakafu imepasuka vipande vipande na mama wa nyumba anafagia vumbi lilelile alilokuwa akilifagia tangu zamani.

Wapo watakaouliza: bwana shamba na sakafu, wapi na wapi? Hiyo si kazi ya fundi mwashi? Ni ya fundi, kweli. Lakini katika nyumba zetu nyingi mahindi hayalali ghalani. Yanalala chumbani, sakafuni, pengine kando ya kitanda cha watoto. Sakafu ikiwa na unyevu, gunia la chini ndilo linaloanza kuota ukungu, na mlaji wa gunia hilo ni wewe na wanao. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walikula mahindi yenye sumukuvu, yaani ile sumu itokanayo na ukungu, wakaugua 68 na wakafa 20. Sumukuvu huanzia mambo mengi, huanzia hata shambani, wala sisemi kwamba ilikuwa ni sakafu tu. Ninachosema ni kwamba ukungu hauhitaji kingine ila nafaka, joto na unyevu, na unyevu sakafu mbovu huutoa bure usiku na mchana.

Tena kuna mambo ya afya. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokwenda kwa redio, watu wakakaa katika vikundi vijijini wakasikiliza na kujadiliana juu ya malaria, kuhara, kichocho na safura. Safura ile minyoo yake hukaa katika udongo wenye unyevu na kumwingia mtu kwa miguu mitupu. Funza hupenda vumbi la sakafu ya udongo. Papasi, waletao homa ya vipindi, hujificha mchana katika nyufa za sakafu na za kuta, usiku wakatoka kuwauma waliolala. Basi utaona kwamba sakafu si urembo tu.

Huko Meksiko serikali ilifanya jambo ambalo limepimwa vizuri. Kuanzia mwaka 2000, katika jimbo la Coahuila, kaya maskini zilizokaa juu ya sakafu za udongo zilipewa zege, hadi mita 50 za mraba kwa nyumba, likaletwa na lori hadi mlangoni, na wenyewe wakalisambaza. Wataalamu wakalinganisha watoto wa nyumba hizo na watoto wa mji jirani ambao haukupata mpango huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa nyumba iliyotoka katika udongo mtupu ikawa saruji yote, vijidudu na minyoo ya tumboni kwa watoto ilipungua kwa 78 kwa mia, kuhara kwa 49 kwa mia, na upungufu wa damu kwa 81 kwa mia. Hizo ni tarakimu za huko kwao, mazingira yao si yetu. Lakini mtoto ni mtoto, naye hutambaa chini kokote alikozaliwa.

Sasa tuje kwenye mfuko wako.

Jambo la kwanza ni kuamua chumba gani kianze. Hapa nitasema wazi ingawa najua baadhi yenu mtanuna. Desturi yetu ni kuanza na sebule, kwa sababu wageni huingia sebuleni. Mkwe akija, akute pang'aa. Kumbe watoto wanalala chumba cha nyuma juu ya mkeka uliotandikwa kwenye vumbi, na gunia kumi na tano za mahindi ziko chumba cha pembeni juu ya udongo mtupu. Pesa ikitosha chumba kimoja tu, kianze chumba wanacholala watoto au kile kinacholala mahindi. Mgeni ataketi kwenye kiti, miguu yake ina viatu. Sebule itangoja mavuno yajayo.

Jambo la pili ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Sakafu ina sehemu mbili, ile unayoiona na ile usiyoiona. Watu wengi hutumia pesa zote kwenye ile inayoonekana. Utamkuta mtu amenunua saruji mifuko miwili, fundi amechanganya na mchanga, amepaka unene wa inchi moja moja kwa moja juu ya udongo wa chumba, akapiga niru ikang'aa kama kioo. Siku ya kwanza majirani wanakuja kutazama. Msimu wa mvua wa kwanza inatokea alama ya maji kando ya ukuta. Wa pili, udongo wa chini umevimba na kunywea, sakafu imebaki ikining'inia kama ganda la yai, mguu wa kitanda ukaitoboa. Hapo hakuna cha kuziba. Mifuko miwili imekwenda.

Kwa nini maji yapande juu, hali sote twajua kwamba maji huteremka? Tazama kibatari. Mafuta yako chini kwenye kopo, lakini utambi huyavuta mpaka kwenye moto. Udongo laini una vijinjia vyembamba sana, navyo huvuta maji kama utambi. Mvua ya Songea huanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili, na kwa miezi hiyo udongo unaoizunguka nyumba umelowa kama sifongo. Maji hayo hupenya chini ya msingi na kupanda ndani ya chumba hata kama bati lako halivuji tone. Dawa yake ni kuukata utambi. Kokoto, changarawe na mawe yana nafasi kubwa katikati, na nafasi kubwa haivuti maji. Weka tabaka la mawe kati ya udongo na sakafu, unyevu utaishia hapo. Karatasi nzito ya nailoni juu yake huzuia hata ule mvuke uliobaki.

Kabla hujanunua chochote, pima. Chukua kipande cha nailoni upana wa mita moja, kilaze juu ya sakafu uliyo nayo jioni, weka mchanga au mawe pembezoni pote hewa isipite, ukiache mpaka asubuhi. Ukikikuta upande wa chini kina matone, au udongo umekuwa mweusi kwa maji, chumba hicho kinavuta. Fanya kipimo hiki wakati wa mvua. Wakati wa kiangazi kila chumba kitakuambia kuwa ni kikavu.

Haya, kazi ya chini ni hii. Ondoa udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi na takataka, kina cha futi nusu hivi. Huo upeleke bustanini, una faida huko. Udongo mweusi wa mbugani, ule wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, usiurudishe ndani ya nyumba kabisa, kwa kuwa ukilowa huvimba na ukikauka hunywea, na hakuna sakafu itakayoustahimili. Jaza moramu au udongo mwekundu wenye changarawe. Jaza tabaka la inchi 4, nyunyiza maji kidogo, shindilia kwa gogo zito lenye mpini mpaka kisigino chako kisiache alama, ndipo ujaze tabaka jingine. Wengi hujaza futi nzima kwa siku moja na kushindilia juu tu, na huo ni sawa na mto wa pamba. Ukimaliza, panga mawe au vipande vya matofali yaliyovunjika unene wa inchi 4 hadi 6, jaza mchanga mnene katika mapengo, shindilia tena.

Hakikisha sakafu iliyokamilika itakuwa juu ya ardhi ya nje kwa futi nusu au zaidi. Kama nyumba yako tayari iko chini, huwezi kuiinua, lakini waweza kuishusha ardhi ya nje. Chimba mtaro kuizunguka nyumba, uelekeze maji bondeni, na ukiweza fanya kibaraza kifupi chenye mteremko chini ya michirizi ya bati. Kazi hiyo haina gharama ila jasho, na ni mara chache nimeona sakafu iliyodumu katika nyumba isiyo na mtaro.

Kazi yote hiyo ya chini haikuhitaji saruji hata kijiko. Ndiyo maana nasema pesa zianzie chini, maana kwa kweli huko chini hazihitajiki pesa nyingi. Vinahitajika mawe, jembe, gogo na vijana.

Sasa juu uweke nini? Inategemea mfuko.

Aliye na mfuko mtupu asikate tamaa, sakafu ya udongo yaweza kuwa sakafu nzuri. Bibi zetu walijua kusiriba. Tofauti ya sakafu ya udongo iliyo nzuri na ile mbaya ni hayo tabaka ya chini tuliyoyataja, pamoja na udongo wenyewe. Udongo wa kusiriba uwe na mchanga mwingi na mfinyanzi kidogo wa kuushikanisha. Ili kujua, jaza udongo theluthi moja ya chupa nyeupe, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, uiache mpaka kesho yake. Mchanga utakuwa chini, mfinyanzi juu kabisa. Sehemu kubwa ikiwa mfinyanzi, sakafu itapasuka, hivyo ongeza mchanga. Ikiwa karibu yote ni mchanga, itamomonyoka, ongeza udongo wa kichuguu. Laza tabaka la inchi 2, shindilia likiwa na unyevu wa kukamatana mkononi bila kuchuruza maji, kisha lisiribe tabaka jembamba la kumalizia mara mbili au tatu, kila mara ukiziba nyufa zilizojitokeza. Nyufa ndizo nyumba za papasi, usiziache.

Nchini Rwanda, tangu miaka ya 2010, shirika la EarthEnable limekuwa likitengeneza sakafu za namna hii kwa wakulima wadogo, kokoto chini, udongo ulioshindiliwa juu, na mwisho mafuta maalumu ya mimea yanayokauka na kufanya ngozi ngumu isiyopitisha maji, waweza kuipiga deki. Watu wakisikia hivyo hukimbilia oli chafu ya gereji. Nawaomba sana msifanye hivyo. Oli ya gari haikauki, ina sumu, na chumba cha kulala watoto au cha kuwekea nafaka si mahali pake. Mafuta ya mawese nayo hayakauki, yatakuletea sisimizi tu. Kama huna yale mafuta maalumu, udongo uliosiribwa vizuri na kufanyiwa ukarabati kila mwaka baada ya mvua unatosha.

Mwenye uwezo wa mifuko miwili ya saruji kwa chumba, na hapa ndipo nadhani wakulima wengi wa kwetu walipo, asipake ile inchi moja ya niru niliyoisema. Achanganye udongo na saruji. Chukua udongo mwekundu wenye mchanga mwingi, uuchekeche, pima sehemu 12 za udongo kwa sehemu 1 ya saruji, changanya vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kidogo kidogo. Finyanga tonge, ulidondoshe chini kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika vipande vichache, maji yametosha. Likitapakaa kama unga, ongeza. Likibandika kama ugali, umezidisha. Laza na kushindilia mpaka ubaki unene wa inchi 2 na nusu hivi. Kwa chumba cha mita 3 kwa mita 3, mifuko miwili ya kilo 50 inakutosha. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja tu, kwani saruji ikianza kushika hairudi. Teknolojia hii si ngeni nchini. Kile Kitengo cha Utafiti wa Majenzi kilichoanzishwa mwaka 1971, kikawa Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi mwaka 2001, kilihimiza kwa miaka mingi tofali za udongo zilizochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Tofali na sakafu ni ndugu wa baba mmoja.

Wapo kati yenu wenye tanuri la matofali nyuma ya nyumba. Hao wana njia nyingine, na kwa chumba cha mahindi naipenda. Laza matofali ya kuchoma juu ya mchanga uliosawazishwa, yabanane, kisha jaza nyufa kwa mchanga uliochanganywa na saruji kidogo. Kwa tofali la inchi 9 kwa 4 na nusu, chumba hicho cha mita 3 kwa 3 kitakula matofali kama 345, ongeza 30 ya kuvunjika. Chagua yaliyoiva barabara, yale yanayolia yakigonganishwa. Tofali bichi litamomonyoka chini ya mguu wa kitanda. Uzuri wake ni kwamba likiharibika moja, unang'oa moja. Ubaya wake tuuseme pia, tanuri linakula kuni, na milima yetu twaiona ilivyo. Mtu asikate miti akachome tofali za sakafu peke yake. Atumie masalio ya nyumba.

Sasa twende kwa mwenye uwezo wa zege. Mafundi huliita jamvi. Juu ya yale mawe yaliyoshindiliwa, tandika nailoni nzito, kipande kipande kilalie mwenzake futi nzima. Kisha mwaga zege unene wa inchi 3, saruji 1, mchanga 3, kokoto 6. Kwa debe la lita 20, mfuko mmoja wa saruji huchukua mchanga debe 5 na kokoto debe 10. Chumba chetu cha mita 3 kwa 3 kitahitaji mifuko 3 kwa jamvi. Juu yake utaweka tabaka la kumalizia la inchi 1, saruji 1 na mchanga 4, na niru. Hilo ni mifuko 2 hivi. Jumla 5. Ukitaka rangi, ile oksaidi nyekundu huchanganywa kwenye niru, ni rahisi na haichuji kama rangi ya kupaka.

Nimetaja mifuko badala ya shilingi kwa makusudi. Saruji inayofika Songea hutoka mbali, kwenye viwanda kama vya Mbeya na Mtwara, na bei hupanda na kushuka. Bei ya mahindi kadhalika. Basi fanya hesabu hii mwenyewe siku ya kununua. Uliza mfuko wa saruji dukani ni shilingi ngapi, zidisha kwa 5, ongeza kokoto, mchanga, nailoni na ujira wa fundi. Kisha gawanya kwa bei ya gunia moja la mahindi siku hiyo. Utapata chumba kimoja ni gunia ngapi. Kabla hujaziuza, toa kwanza gunia za chakula mpaka mavuno yajayo, toa za mbegu na mbolea, toa ada na sare za watoto. Zinazobaki ndizo za sakafu. Mtu akiuza mahindi ya chakula ili apige niru, mwezi wa pili atakuwa ananunua debe kwa bei ya juu, naye ameketi juu ya sakafu safi kwelikweli.

Kama hesabu imekuja ya chumba kimoja na nusu, fanya kimoja. Fundi atakushawishi mpunguze saruji ili vyumba viwili vyote viishe. "Tufanye moja kwa kumi, mzee, itashika tu." Haishiki. Vilevile usikubali jamvi lipunguzwe kutoka inchi 3 hadi inchi 1 na nusu. Bora chumba cha pili ukishindilie mawe yake mwaka huu, ukisiribe kwa udongo, na saruji ije mwakani juu ya msingi uliotulia. Kazi haitapotea.

Juu ya vigae, yale mnayoita marumaru au tailizi, nitasema machache. Ni vizuri, husafishika upesi. Lakini kigae hakichukui nafasi ya jamvi. Kinalala juu ya jamvi. Kwa hiyo gharama yake ni nyongeza juu ya ile mifuko 5, pamoja na gundi au saruji ya kubandikia. Ukibandika vigae juu ya sakafu dhaifu, utagonga kwa kidole usikie mlio wa tupu, na mguu wa meza utakivunja. Tena vile vinavyong'aa sana huteleza vikiwa na maji, na nyumbani kuna wazee. Ukivitaka, weka jamvi zuri sasa, ukae nalo, vigae utaviweka hata baada ya miaka mitano.

Kapeti la plastiki linalouzwa kwa mita, hilo nalo limeingia kila mahali. Juu ya sakafu ya saruji iliyokauka halina neno. Juu ya udongo ni hatari, maana linafunika unyevu badala ya kuuzuia. Linyanyue baada ya mwezi mmoja uone. Utakuta ukungu, mende, na mchwa wakijenga barabara zao kwa amani. Mwenye sakafu ya udongo heri atandike mkeka unaoweza kuanikwa juani kila wiki.

Jambo moja kuhusu chumba cha mahindi. Mzee mmoja wa Mjimwema, baada ya kumaliza jamvi lake, aliniambia, "Sasa bwana shamba, gunia nazibwaga chini moja kwa moja, tumekwisha maliza." Nikamjibu, "Hapana, baba, bado chaga." Hata zege nalo huvuta unyevu kidogo, na usiku wa Juni na Julai, kwa baridi hii yetu, hupoa sana. Hewa yenye joto itokayo kwenye gunia ikigusa sakafu baridi hufanya jasho, kama jasho la nje ya mtungi. Chaga za mbao au za miti, zikiinua gunia inchi 4 kutoka chini, na gunia zikikaa mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na kufagia, ndizo zinazomaliza kazi ya sakafu. Na mahindi yenyewe yawe yamekauka. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi 13.5 kwa mia, na mnunuzi mwenye kipimo atayakataa yakizidi. Kwa asiye na kipimo, tia mahindi katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Mwisho, wakati wa kazi. Kazi za chini, kuchimba, kujaza na kushindilia, zifanywe mara baada ya kuvuna, Julai na Agosti, udongo ukiwa umekauka na mawe yakibebeka. Saruji imwagwe Agosti au Septemba, vijana wakiwa bado hawajakwenda kutayarisha mashamba. Ukingoja Novemba, mvua itakukuta na moramu limelowa, nalo likilowa sana halishindiliki.

Lakini kiangazi kina adui wake, nao ni upepo na jua. Saruji haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na maji. Ikikauka upesi hubaki unga, na ukifagia utaona vumbi la kijivu siku zote. Kwa hiyo fundi akishaondoka jioni, kazi ni ya mwenye nyumba. Kesho yake asubuhi tandaza magunia yaliyolowa au mchanga juu ya sakafu yote, funga madirisha upepo usipite, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, usiruke hata moja. Watoto wasipite, kuku wasipite, na kitanda kisirudi mpaka siku 7 zipite. Gunia za mahindi ngoja wiki 4, hata kama chumba kinaonekana kimekauka, kisha rudia kile kipimo cha nailoni cha usiku mmoja. Ukiikuta kavu upande wa chini, ingiza chaga, halafu mahindi.